Keki Kabla ya Hakimu

Maradhi si homa na kikohozi peke yake. Lipo neno ambalo mtu hulimeza akiwa kijana, likamkaa kooni kama mwiba wa samaki, naye akajizoeza kula, kucheka na hata kuimba kanisani nalo likiwa humo humo. Watu wakimtazama husema, "Mzima yule." Naye akiulizwa hujibu, "Mzima mimi, nashukuru." Lakini mwiba hauna adabu. Hungoja siku ambayo mwenyewe hana tena nguvu ya kuufunika, ndipo hujitokeza mbele za watu. Mambo ya Verlyn Tostrud na Delphine wake, wa huku kwetu Solem, kaskazini ya jimbo la Wisconsin, Marekani, ni ushahidi wa kutosha.

Verlyn alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtu mrefu, mkimya kama nguzo ya ua. Delphine alikuwa mfupi, mwepesi, na ulimi wake ulikata kuliko mundu. Waliishi pamoja tangu ujana wao. Alfajiri walikamua, jioni wakakamua tena, maana ng'ombe hajui Jumapili wala msiba. Mungu hakuwajalia mtoto. Shamba lilikuwa la baba yake Verlyn, na karatasi zote za serikali ziliandikwa jina la Verlyn. Kwa hiyo Delphine alipokamua hadi vidole vikapinda, serikali iliona ni Verlyn aliyekamua. Fungu lake mwenyewe la uzeeni lilitokana na miaka michache ya kupika shuleni, nalo lilitosha kahawa na chakula cha paka.

Verlyn alilijua hilo, na lilimuuma. Siku moja alikuja mtu katika ukumbi wa chini ya kanisa kuwaeleza wazee habari za mafao ya serikali. Wengine walisinzia. Verlyn alisikiliza kama anayesikiliza ndama anayezaliwa. Akafahamu jambo moja: mume asipoyakimbilia mafao yake mapema, akavumilia mpaka afike sabini, fungu lake hunenepa, na akitangulia kufa, fungu lile nene humwangukia mjane wake. Tangu siku hiyo akaamua kungoja.

Wenzake walichukua mafao yao mapema, walipofika sitini na miwili, wakanunua mashua za kuvulia ziwani. Walimtania kila walipokutana kwenye duka la chakula cha mifugo.

"Verlyn, unamngoja nani? Serikali itafilisika wewe ungali unapigwa mateke na ng'ombe!"

"Namngojea Delphine," alijibu, akabeba gunia lake.

Magoti yalipomshinda aliwauza ng'ombe, akaendesha basi la shule, ili mradi asiliguse fungu lile. Mwaka huo huo alinunua jiwe la kaburi lao wawili, kwa kuwa fundi alikuwa ameshusha bei. Likachongwa majina yote mawili na, kama ilivyo desturi ya huku, tarehe ya harusi katikati, ndani ya pete mbili zilizoshikana. Kila mwaka, majira ya maua yalipofika, Delphine alipanda maua mekundu mbele ya jiwe lile. Lakini hakuwahi kuitazama ile tarehe.

Vuli moja, majani ya miti yakipukutika, Verlyn akiwa amebakiza wiki chache atimize miaka sabini, waliingia katika ofisi ya mafao wamevaa nguo za kanisani. Afisa wao, Bwana Lindgren, alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba.

"Mzee Tostrud, umengoja vizuri," alisema. "Wengi hawawezi. Sasa wewe utaanza kupokea fungu lako, na mama ataongezewa fungu la mke juu ya kale kake kadogo. Na siku Mungu akikuita kwanza, wewe utapokewa huko, naye atapokea fungu lako huku."

"Ndivyo nilivyotaka," alisema Verlyn, na kwa mara ya kwanza tangu waingie alitabasamu.

"Basi. Kilichobaki ni cheti cha ndoa tu."

Tabasamu likafa. Verlyn akaitazama kofia yake magotini. Delphine akafungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena, kana kwamba cheti kingeweza kutagwa humo kama yai.

"Kimeungua," alisema. "Banda letu liliungua."

"Cheti kilikuwa bandani, mama?"

"Kwetu kila kitu kiko bandani."

Bwana Lindgren alicheka. "Haya, si neno. Waandikieni waliowafungisha ndoa, watatoa kingine."

Mwishowe Delphine akasogeza kiti, akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, bwana. Ninaye rafiki. Si mimi, rafiki yangu. Amekaa na mume wake miaka mingi, watu wote wanajua ni mke na mume, ila… hawakufika kwa hakimu. Mtu kama huyo anapata?"

"Wanao watoto?"

"Hawana."

"Wangekuwa jimbo la Iowa, huenda sheria ingewahesabu. Hapa Wisconsin kukaa pamoja si ndoa, hata wazeeke mpaka wafanane sura." Afisa alivua miwani, akawatazama wote wawili, kisha akaitazama meza kwa heshima. "Mwambie rafiki yako aende kwa karani wa wilaya. Leo, si kesho. Fungu la mke linataka ndoa iwe imetimiza mwaka. Fungu la mjane linataka miezi tisa kabla ya kifo. Hapo ndipo watu wanapoumia, mama. Mauti hayana kalenda yetu."

"Nitamwambia," alisema Delphine. Masikio yake yalikuwa mekundu kama bitiruti.

Ukweli ulikuwa huu. Delphine alizaliwa Mkatoliki, binti wa Mzee Kulas, na Verlyn alikuwa Mlutheri. Siku zile, hapa kwetu, hayo yalitosha kuwafanya baba wawili wasisalimiane barabarani. Hakuna kasisi wala mchungaji aliyetaka kuwagusa. Basi mwezi wa pili, vijana hao wakatoroka kwa gari, wakavuka mto kwenda jimbo la Minnesota, ambako hakimu alikubali kuwafungisha. Theluji ikawafungia njiani. Mahakama ikafungwa. Wakakaa siku mbili katika nyumba ya wageni wakingoja njia isafishwe, na walipokuwa wakivaa ili waende kwa hakimu, simu ikaja kutoka kwa mama yake Verlyn, aliyejua waliko: baba ameanguka kutoka dari ya banda linakowekwa majani makavu, mguu umevunjika, na ng'ombe wanalia, viwele vimevimba. Ng'ombe hawangoji hakimu. Wakageuza gari.

Walipoingia jikoni wakakuta mama yake Verlyn, akidhani ndoa imeshafungwa, ametandika kitambaa cheupe, kahawa iko mezani, keki iko mezani, na akina mama nusu ya kanisa wamekaa wamevaa vizuri. "Karibu nyumbani, Bibi Tostrud!" wakapiga makofi. Delphine akamtazama Verlyn. Verlyn akamtazama Delphine. Kila mmoja akangoja mwenzake aseme. Hakusema mtu. Keki ikakatwa, wakala.

"Tutakwenda wiki ijayo," Verlyn alinong'ona siku ile bandani, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe. Wiki ijayo ng'ombe watatu walizaa. Kisha ikaja kazi ya kupanda, kisha kukata nyasi. Na kadiri siku zilivyopita, ndivyo njia ya kwenda kwa hakimu ilivyozidi kuwa ndefu, mpaka ikawa haisemwi tena.

Hayo peke yake pengine yangesameheka. Lakini Delphine, kwa kuwa alijua alichomeza, aliwasimamia wengine kwa ukali. Katika kanisa la Kilutheri la mumewe alikuwa mwangalizi wa madhabahu, mwalimu wa watoto wa Jumapili, mkuu wa meza ya kushona mablanketi ya viraka. Miaka mingi nyuma, Renae, binti wa rafiki yake LaVonne, alihamia kwa kijana mmoja bila ndoa, wakapata mtoto, akaja kuomba huyo mtoto abatizwe. Mchungaji hakuwa na neno. Aliyekuwa na neno ni Delphine. Alisema mezani, sindano mkononi, mbele ya wanawake wote: "Kwanza cheti, kisha kitanda. Kanisa si zizi."

Renae aliondoka akilia, akampeleka mwanawe kubatizwa mji mwingine. LaVonne alitunga uzi tu kwenye sindano. Urafiki haukufa, lakini tangu siku ile LaVonne hakumpa tena Delphine siri ya chapati zake za viazi.

Kwa hiyo walipotoka ofisini, ndani ya gari hakukuwa na amani.

"Kesho twende kwa karani," alisema Verlyn.

"Kwa karani! Na Jumatano gazeti liandike?"

Gazeti la wilaya huandika majina ya wote walioomba kibali cha ndoa, chini kidogo ya bei ya maziwa. Hapa watu husoma bei ya maziwa kwanza. Kwa hiyo hakuna asiyeyaona majina.

"Si mstari mmoja tu?" Verlyn alisema.

"Mstari mmoja? 'Verlyn Tostrud wa Solem, na Delphine Kulas wa Solem.' Anwani moja! LaVonne ataukata na mkasi autundike kwenye friji. Renae atausoma. Nitaingia wapi mimi, Verlyn? Nitaishika vipi sahani ya sakramenti?"

"Nilingoja miaka minane kwa ajili ya fungu lako."

"Basi ngoja kidogo tena. Mahindi yavunwe kwanza."

Mahindi yakavunwa. Akasema ngoja Krismasi ipite, nina zamu ya kuoka. Krismasi ikapita. Ndipo LaVonne akaja nyumbani amefura furaha kama unga wenye hamira.

"Shoga! Mwezi wa pili mnatimiza miaka hamsini ya ndoa! Mlidhani tumesahau? Ukumbi nimeushika, keki nimeiagiza, picha nimeipeleka gazetini. Wewe na mzee mje tu mkae kama mayai."

Delphine akasema, "Mungu wangu, LaVonne, usijisumbue."

"Nijisumbue nini? Huku watu wanaoana leo, kesho wanagawana vijiko. Nyinyi ni mfano."

Alipotoka, Verlyn alisema neno moja tu kutoka kwenye kiti chake: "Delphine."

"Baada ya karamu," akajibu, bila kugeuka. "Nakuapia. Baada ya karamu."

Verlyn hakubisha. Naye alikuwa na lake. Tangu vuli kifua kilimbana kila alipopanda ngazi. Daktari alimwambia moyo wake umechoka, alazwe utazamwe. Akasema atarudi. Hakurudi, na hakumwambia mke. Alizificha dawa ndani ya buti lake la kukamulia, ambalo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuligusa tangu ng'ombe waondoke.

Siku ya karamu ilikuwa na jua kali juu ya theluji. Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na bakuli za viazi na nyama ya kusaga zilizookwa kwa jibini, chapati za viazi zilizopakwa siagi na sukari, kahawa nyepesi isiyokwisha, na keki ya ghorofa mbili yenye namba hamsini ya dhahabu. Delphine na Verlyn walikaa mbele, kila mmoja na ua kifuani. Kila mtu alipompa mkono, Delphine alihisi kama anamwibia mtu huyo.

LaVonne akashika kipaza sauti. "Haya, wazee wetu! Vijana wako hapa wanataka kujifunza. Hebu tuambieni, siku ile, baada ya kuwafungisha, hakimu aliwaambia nini?"

Watu wakatulia, vijiko vikashuka. Delphine aliona nyuso zote zimemwelekea, za kupenda, bila shaka hata moja. Huo ndio ulikuwa mlango. Ungefunguka kwa neno moja.

"Alisema…" akalinyoosha ua lake kifuani. "Alisema tukae vizuri."

Wakacheka, wakapiga makofi, mzee mmoja akapangusa machozi. Verlyn hakupiga makofi. Uso wake ulikuwa mweupe kama maziwa yaliyoondolewa mafuta. Akasimama, akapita katikati ya meza, akatoka nje bila koti. Delphine akamfuata, akamkuta ameushika ukuta wa kanisa kwa mikono miwili.

"Verlyn! Una nini?"

"Moyo," alisema. "Daktari aliniambia tangu vuli."

"Tangu vuli! Kwa nini ulinificha?"

Alipumua polepole kabla ya kujibu. "Wewe ulikuwa unaficha lako, na mimi nikaficha langu. Niliona haya, Delphine. Nilikuahidi hakimu, nikakuletea ng'ombe. Sikutaka nikuletee na kifo juu yake."

Ndani, watu walianza kuimba wimbo wa kuwatakia heri. Delphine akamvua Verlyn ua la kifuani, maana pini ilikuwa inamchoma, akalitia mfukoni pamoja na lake. Hakulia. Aibu ilikuwa imeyakausha machozi.

Waliapa kwenda kwa karani Jumatatu, lakini Jumatatu Verlyn alikuwa hospitalini, na huko alikaa mpaka theluji ikaanza kulainika. Alipotoka, mwezi wa tatu ulikuwa umefika nusu. Walikwenda moja kwa moja, mfuko wa nguo za hospitali ungali garini.

Karani wa wilaya alikuwa mwanafunzi wa zamani wa Delphine wa shule ya Jumapili. Aliyaandika majina, akasita, kalamu ikaelea.

"Mwalimu… ni kurudia viapo? Kwa hilo hamhitaji kibali."

"Si kurudia, mwanangu," alisema Delphine. "Andika."

Jumatano gazeti likatoka. Delphine aliketi jikoni tangu asubuhi, pazia limefungwa, akingoja dari imwangukie. Alasiri gari likasimama. LaVonne akaingia bila kubisha hodi, bakuli mkononi lililofunikwa kwa taulo, na nyuma yake Renae, ambaye sasa nywele zake zilikuwa na mvi.

LaVonne alisimama katikati ya jiko. "Kwanza cheti, kisha kitanda. Au siyo, Delphine?"

Delphine alisukuma gazeti pembeni ya meza.

"Nimenunua keki ya ghorofa mbili! Nimeshika kipaza sauti! 'Hakimu alisema nini?' Hakimu gani? Ulikaa pale na ua lako ukanitazama usoni!"

"Ndiyo," alisema Delphine.

"Na mwanangu ukamwita wa zizini!"

"Ndiyo." Akasimama, akamgeukia Renae. "Nilikupiga wewe kwa fimbo iliyonistahili mimi. Sikuwa nakuona wewe siku ile, Renae. Nilikuwa najiona mwenyewe, na sikuweza kuvumilia. Sina la kukuomba. Nakwambia tu ulijue."

Renae aliweka mkoba wake mezani. "Nilichukia harufu ya kanisa lile miaka mingi kwa sababu yako," alisema. "Mwanangu alibatizwa mahali ambapo sikumjua mtu hata mmoja." Kisha akavuta kiti, akakaa. "Mmepata mashahidi?"

"Bado."

"Sheria inataka wawili," Renae akasema. "Na sisi tuko wawili."

"Mimi bado nina hasira," LaVonne alisema, akiwasha jiko kupasha bakuli. "Nitashuhudia nikiwa nimekasirika. Verlyn! Toka huko chumbani, mzee, mambo yameshajulikana, njoo ule."

Ilikuwa hivyo tu. Watu walisema wiki moja, wengine mbili. Kwenye duka la chakula cha mifugo walimpigia Verlyn mluzi kama bwana harusi. Mzee mmoja alimuuliza kama atanunua mashua ya fungate. Kisha bei ya maziwa ikashuka, wakahamia huko. Jambo ambalo Delphine aliliogopa karibu maisha yake yote halikuishi zaidi ya mkate.

Hakimu alikuwa mwanamke kijana. Aliwatazama, akatazama karatasi, akatabasamu. "Mmefikiri vya kutosha?"

"Tulikuwa tunakuja, Mheshimiwa," alisema Verlyn. "Kulikuwa na theluji."

Majira yale ya joto yalikuwa mazuri kuliko yote waliyowahi kuyaona. Jioni walikaa barazani, na Verlyn alizoea kuuliza, "Bibi Tostrud, kahawa iko?" naye alijibu, "Subiri, ndoa bado changa." Lakini wote wawili walikuwa wakiitazama kalenda ya benki iliyotundikwa jikoni. Krismasi ikiwakuta wote wawili hai, miezi tisa imetimia. Delphine alimlisha samaki wa kuchemsha, akamkataza siagi, akambebea hata kuni. Kila siku iliyopita alihisi ameivuta mwenyewe kwa kamba.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, Verlyn alitoka asubuhi kwenda kutazama kama maji ya bomba la banda yameganda. Hapakuwa na ng'ombe humo. Ilikuwa mazoea tu. Alipochelewa kurudi, Delphine alimfuata, akamkuta amekaa juu ya kigoda chake cha kukamulia, mgongo umeegemea nguzo, kofia magotini kama mtu aliyengojeshwa ofisini. Alikuwa ameshapoa.

Baada ya mazishi Delphine alikwenda ofisi ya mafao peke yake, safari hii na cheti mkononi, kipya, bado kina harufu ya wino. Bwana Lindgren alikisoma, akaisoma na tarehe ya kifo. Akakisoma tena, kana kwamba anatafuta njia. Kisha akakilaza mezani kwa upole.

"Zilibaki wiki tatu, mama."

"Najua."

"Fungu la mzee halikufikii. Utabaki na kale kako."

"Najua. Nimekuja ili nisikie kwa masikio yangu."

Afisa alipangusa miwani yake muda mrefu. "Yule rafiki yako uliyeniuliza habari zake vuli ya mwaka jana," alisema taratibu, "hakwenda kwa karani siku ile?"

"Alikwenda, bwana," alijibu Delphine. "Ila alitaka kula keki kwanza."

Akakodisha mashamba, akauza trekta, akavaa tena aproni ya jiko la shule, akiwapakulia viazi watoto wa watoto aliowapakulia zamani. Miaka minane Verlyn alikinyima kinywa chake ili mkewe asirudi kwenye masufuria yale, na masufuria yale ndiyo aliyoyarudia. Wanawake wa meza ya kushona walimwonea huruma. Huruma ile ilimuuma kuliko mzaha, maana sasa kila mtu alijua si tu kwamba alidanganya, bali pia bei aliyolipa kuulinda uongo ule.

Theluji ilipoyeyuka alimwita fundi wa mawe makaburini.

"Nataka ubadilishe tarehe iliyo ndani ya pete," alimwambia. "Weka ya mwezi wa tatu, mwaka jana."

Fundi alikuna kichwa. "Mama, nikiweka hivyo, kila atakayepita atasoma kwamba mlioana mwaka ule ule aliokufa mzee. Watu wataulizana."

"Waulizane."

"Na ile ya zamani haitafutika yote. Jiwe hili gumu. Naweza kulisugua, lakini alama itabaki."

"Iache ibaki," alisema Delphine.

Basi jiwe liko hapo mpaka leo, juu ya kilima nyuma ya kanisa, na maua mekundu mbele yake. Mchana mtu huona tarehe moja tu. Lakini jua linapoinama na mwanga kuja kwa ubavuni, ile ya zamani hutokeza chini ya mpya kama kovu, na anayepita huzisoma zote mbili. Hakuna mahubiri yaliyowahi kuisema kwa uwazi kuliko jiwe lile: mficha maradhi, kifo humuumbua.